Bolti za Junju, Mnara wa Marereni

Ami Athman,

Hukupenda salamu ndefu. Mtu akianza kukuuliza ya nyumbani, ya watoto, ya mvua, ulimkata hapo hapo: "Salama, alhamdulillahi, haya leta neno." Basi naleta neno. Nivumilie tu, maana nimekaa nalo kifuani tangu siku ile ya Marereni, na sasa linatoka kwa vipande.

Ni mimi, Kadzo. Nakuandikia nyuma ya fomu za kuagizia vifaa, zile za zamani zenye nakala tatu. Ofisini hazitumiki tena. Nilibeba bunda zima siku niliyoambiwa niondoke, pamoja na kikombe changu na viatu vya kazi. Kwa nini niliambiwa niondoke, nitakueleza. Lakini nianze na yale ambayo ungependa kuyasikia, kwa sababu mimi ni mwoga, na mwoga huanza na habari njema.

Vifaa siku hizi vinafika, Ami. Vyote, kwa pamoja. Najua huamini. Wewe uliyekwenda Marereni mara nne kwa ajili ya antena moja: safari ya kwanza antena ipo, vyuma vya kuishikilia havipo, ya pili vyuma vipo, kebo fupi, ya tatu kebo ndefu imekuja, antena imerudishwa Mombasa kwa kuwa mtu aliiona imekaa stoo siku nyingi akadhani haina mwenyewe. Ulishuka garini siku hiyo, ukautazama mnara, ukalitazama sanduku tupu, ukasema, "Haya, leo tumekuja kuwaamkia kunguru." Dereva alicheka mpaka akashindwa kugeuza gari. Tulirudi Malindi na njaa yetu, na wiki iliyofuata tukaenda tena.

Sasa hakuna gari linalotoka stoo kabla vifaa havijatandazwa sakafuni, na fundi mwenyewe atakayepanda ndiye anayevitaja kimoja kimoja na kuvitia alama. Si karani, ni fundi. Aliyeagiza kitu haruhusiwi kukikagua yeye mwenyewe. Fomu mpya ya kwenye kompyuta ina mahali pa kujaza mnara uko wapi, bara kavu, ufuoni au penye chumvi, na usipojaza hapo haiendi mbele hata uibembeleze. Kunakili oda ya zamani ni marufuku. Na bolti ikishafungwa, kichwa chake kinapigwa picha, namba isomeke, ndipo kazi ihesabiwe imekwisha. Mafundi walinuna mwezi mzima wakisema nimeleta ukoloni. Siku hizi hununa mtu akiruka hatua.

Wanauita utaratibu wa Kadzo. Mkubwa mmoja alikuja kutoka Nairobi, akasimama uani mbele ya mafundi wote, akasema huyu binti ametuonyesha njia, wakanipigia makofi. Nikapewa cheo, na meza yenye droo mbili, na kiti cha kuzunguka. Kila sheria niliyoiandika niliitoa kwenye kifo chako, Ami. Wao walidhani nina akili.

Nataka ukumbuke nilivyokuja. Nilitoka kwetu Junju na cheti changu cha umeme, nimevaa viatu vya kuazima, na mafundi wakauliza kama nimekuja kuwapikia. Wewe hukucheka nao. Ulinirushia mkanda wa usalama ukasema, "Vaa. Mnara hauulizi aliye juu ni mwanamume au mwanamke. Wauliza tu kama amejifunga." Nikavaa kinyume. Ukanivua, ukanivalisha tena, ukanivua, mpaka jua likatuchoma sote wawili. Mwezi wa tatu nilikuwa napanda nikiimba, na ukanikaripia kwa kuimba.

Miaka minne nilipanda nyuma yako. Nilijua harufu ya mafuta ya nazi uliyopaka viganja ili chumvi isivipasue. Nilijua utasimama hatua ya ishirini, useme bismillahi nyingine, kana kwamba ile ya chini imekwisha nguvu. Na nilijua hutafunga bolti usiyoisoma. Wewe mtu wa visiwani, uliyezaliwa ukiona kutu ikila kila kitu hadi kitasa cha mlango, hukukiamini chuma chochote. Ulivaa miwani yako iliyofungwa uzi, ukaisugua bolti kichwani kwa kidole gumba, ukasoma namba iliyogongwa pale juu. Namba fulani ni bolti za kawaida, zimepakwa zinki nyepesi, zatosha kwa Junju na mashamba yake. Namba nyingine ni zile zisizoshika kutu, na huko Marereni, upepo unapopita juu ya mashamba ya chumvi kabla ya kufika mnarani, hizo ndizo peke yake. Zote mbili hung'aa sawasawa zikiwa mpya. Usiposoma hutambui. "Chuma hakina udugu, mwanangu," ulikuwa ukiniambia. "Usikionee haya. Kisome."

Kisha goti langu likaharibika, nikapelekwa ofisi ya kuagizia. Mimi nililia. Wewe ulifurahi mpaka ukanitia hasira. "Sasa tuna mtu wetu ndani," uliwaambia mafundi, na jioni ile ukaniletea mahamri ya Bi Mwanaisha, mkeo, yamefungwa gazetini, kana kwamba nimeolewa.

Ami, hapa ndipo neno lenyewe linapoanza.

Wakati wa fomu za karatasi, kila oda ya Marereni uliiandika pambizoni kwa penseli nyekundu, herufi kubwa: CHUMVI. Fomu haikuwa na mahali pa jambo hilo, ila ilikuwa na pambizo, na wewe ulikuwa na penseli. Wa stoo Mombasa akiona wekundu ule alijua bolti zipi za kutoa. Halafu kompyuta ikaja. Kompyuta haina pambizo. Nililiona hilo siku ya kwanza kabisa, nikasema nitamwambia msimamizi, nikasema kesho, na kesho ikawa keshokutwa.

Oda yangu ya kwanza kukamilika kwenye kompyuta ilikuwa ya mnara wa Junju. Hakikukosekana hata kitu kimoja. Niliionea fahari oda ile. Ni kwetu, mama yangu aliona taa ya mnara ikiwaka akiwa shambani. Nikaiweka kuwa mfano. Ikija oda nyingine, naifungua ile ya Junju, nainakili, nabadilisha jina la mahali juu, natuma. Ofisi nzima ilifanya hivyo. Tulikuwa tukishindanishwa nani ametuma haraka, na hakuna aliyewahi kusifiwa kwa kutuma pole pole. Oda ya pete za Marereni niliituma Ijumaa mchana. Pete unazijua: zile za chuma zinazofungwa mnarani kwa bolti mbili mbili, ambazo fundi hutia ndoano ya mkanda wake akifika juu. Nilibadilisha jina. Sikubadilisha bolti.

Sanduku lilipofika nililileta mwenyewe hadi Marereni. Uliifungua kadi ya vifaa iliyobandikwa juu, niliyoijaza kwa mkono, ukauona mwandiko wangu. Ukaitoa bolti moja, mkono ukaenda mfukoni penye miwani. Niliuona ukienda. Ukaniuliza, "Umeziagiza wewe?" Nikasema ndiyo, Ami. Ukautoa mkono mfukoni bila miwani ukasema, "Basi tufunge."

Ndiyo mara pekee niliyokuona ukifunga chuma bila kukisoma. Mkafunga pete chache, zilizosalia zikangoja oda nyingine, mkazipaka rangi juu.

Masika mawili yakapita juu ya rangi ile. Mimi nilikuwa nimesahau. Tulikwenda sote kufunga redio mpya, wewe, mimi na Chengo, fundi mwenzako. Dereva alituteremsha akaenda Marereni madukani kutafuta maji ya kunywa. Chengo alikuwa ndani ya kibanda cha mitambo akiunga nyaya. Mimi nilikuwa chini na orodha yangu, nakutazama. Ulitoa ndoano moja uivushe juu ya antena, ukaegemea ile nyingine, ile iliyokuwa kwenye pete. Nilisikia mlio mdogo, kama mtu amevunja kijiti.

Sitaandika kuanguka kwako. Wewe unakujua, na mimi kila siku nakuona.

Chengo alitoka kibandani, akaona, akapiga yowe, akakimbia kuelekea kwenye mashamba ya chumvi kutafuta watu na gari. Nikabaki na wewe peke yangu. Ulikuwa umelala ubavu. Ndoano yako ilikuwa imeshika pete, imara, vizuri, kama ulivyonifundisha, na pete ilikuwa imekuja nawe chini. Ndani ya tundu zake vilibaki vichwa vya bolti, na chini ya rangi shingo za bolti zilikuwa zimegeuka unga mwekundu. Nikakisugua kichwa kimoja kwa kidole gumba. Nikaisoma namba.

Wakaja wanaume wa chumvini kukubeba, wakiwa na turubali lao, miguu yao myeupe. Kabla hawajafika nilikuwa nimeifungua ndoano. Pete niliitia mfukoni mwa begi langu, chini ya orodha.

Niliifungua ndoano kabla sijakufunga macho, Ami. Sikuangalia kwanza kama unapumua. Daktari alisema baadaye kwamba roho ilitoka papo hapo, lakini mimi sikulijua hilo wakati ule. Nilikuwa najua jambo moja tu, kwamba namba ile ni yangu.

Wachunguzi walikuja. Wakaona mkanda mwilini na ndoano mbili tupu. Juu mnarani kulikuwa na tundu nyingi zilizokuwa zikingojea pete, kwa hiyo tundu mbili zaidi hazikumshangaza mtu. Chengo aliulizwa, akasema kweli yake, hakuona. Nikaulizwa mimi. Nikasema sikuona vizuri, jua lilinipiga machoni. Wakaandika kwamba marehemu hakuwa amejifunga. Mstari mmoja, na muhuri.

Matangani kwenu watu walisema ajali haina kinga. Niliwasikia nikiwa nimekaa mkekani na wanawake, leso kichwani, nikipitisha vikombe vya kahawa. Hii ilikuwa na kinga. Ilikuwa na kinga ya bolti mbili, na niliiagiza vibaya, halafu nikaiiba.

Wiki ya kwanza walisema uzoefu ulikuponza, ulijidai. Hilo ningelivumilia. Baada ya arubaini maneno yakageuka. Mtu wa ujuzi ule hasahau kujifunga, walisema. Miaka yote hiyo hakusahau, iweje asahau siku moja? Basi labda hakusahau. Labda alitaka. Sikumsikia aliyelianzisha, ila nilikaa pale lilipopita, kwenye foleni ya maji, dukani, kwenye kiti cha msusi. Mtu wa swala tano, wanasema alijitupa. Nami nikasukwa nywele zangu, nikatoka.

Bi Mwanaisha alikuwa ndani ya eda. Nilikuwa nikimtembelea kila Jumapili, namchotea maji, namfulia, naye aliniombea dua ambazo nilizisikia zikinichoma mgongoni nikiwa naondoka. Aliniuliza mara moja tu. "Kwa nini hakujifunga, Kadzo? Huyu aliyekuwa akinifunga mimi mkanda garini kabla sijakaa sawa?" Kisha akanishika mkono akauliza kwa sauti ndogo kama ulikuwa umewahi kuniambia kwamba umechoka na dunia. Nikasema hapana. Nikasema hapana tu, nikaishia hapo, nikaenda kuanika nguo.

Kwa hiyo usinipe sifa ya utaratibu mpya. Niliuandika kama mtu anayefagia uani huku ndani kunanuka. Nilidhani nikiwafanya wengine wasife, hesabu itakaa sawa. Haikai. Waswahili wenzako husema mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi nilikuwa nimekwishalia kilio chako hadharani, machozi ya kweli kabisa, na ugonjwa umo mfukoni.

Kilichonivunja ni Gongoni. Nilikuwa naingiza oda za zamani kwenye daftari jipya, kama utaratibu wangu mwenyewe unavyotaka, nikaikuta. Pete za Gongoni, chumvi tupu kama Marereni, na bolti zake ni za Junju. Jina la aliyetuma ni langu. Wiki ile ile niliyotuma ya Marereni. Nikaagiza bolti sahihi siku hiyo hiyo, kimya kimya, nikaandika ni za ukarabati. Zikachelewa. Hata utaratibu mzuri una siku zake mbaya. Na Jumatatu asubuhi nikafika kazini nikakuta Chengo amekwishavaa mkanda, gari linawaka: upepo umegeuza antena ya Gongoni, watu hawapati mtandao, msimamizi anataka mtu juu kabla ya adhuhuri.

Nikasema asiende. Msimamizi akauliza sababu. Nikasema bolti si salama. Akafungua picha kwenye kompyuta, rangi nzuri imetandazwa, akasema, "Mbona zaonekana njema? Sababu, Kadzo. Utaratibu ni wako, wataka sababu iliyoandikwa." Chengo alikuwa mlangoni, kofia mkononi, ananiangalia. Ana watoto watatu, wa mwisho amempa jina lako.

Nikaomba saa moja. Nikaenda chumbani kwangu, mtaani kwetu Barani, nikaitoa pete chini ya kitanda ilikokuwa imeviringishwa kwenye leso kuukuu, nikarudi nayo, nikaiweka mezani.

Chengo ndiye aliyeishika kwanza. Aliigeuza, akaona tundu, akaona unga mwekundu, akaielewa yote bila mimi kusema. "Mimi nilikimbia," alisema. "Nilikimbia na viatu vikanitoka, nikitafuta watu. Na wewe ukabaki..." Akaiweka chini taratibu, akavua mkanda.

Walikwenda Gongoni na gari lenye ngazi, wakaigusa bolti ya kwanza kwa spana, kichwa chake kikabaki ndani ya spana. Waliponipigia simu kuniambia hivyo nilikuwa bado ofisini, nimekaa kwenye kile kiti. Msimamizi alikuwa ameshafunga mlango. Si mtu mbaya yule, lakini anaogopa waliomzidi. Aliniambia bolti zote zitabadilishwa, kila mnara, kwa hiyo lengo limefikiwa. Aliniambia ripoti imeshafungwa, mjane ametoka eda, jeraha linapona, kwa nini nilichokonoe. "Aliyekufa amekufa, Kadzo. Rudisha chuma hiki ulikokitoa, nami sikukiona."

Ningekuwa muongo nikikuambia sikusita. Nilisita, Ami. Nilikitazama kile kiti. Kisha nikaandika maelezo yangu yote, kurasa tano, Chengo akatia saini ya shahidi kwamba pete ameiona, nikayapeleka mwenyewe kwa wakaguzi wa usalama kazini, nikapewa risiti ya kupokelewa. Kesho yake nikaambiwa nikabidhi funguo. Kesi itakuwepo. Wakaguzi wameniachia pete kwa siku tatu tu, wakishaipiga picha, kwa kuwa niliwaomba na nikawaambia ni ya kumwonyesha nani.

Bi Mwanaisha alikuwa akipepeta mchele uani. Sikumwamkia kama kawaida, nilipiga magoti tu, nikaiweka pete juu ya ungo, kwenye mchele, kwa sababu sikujua niiweke wapi. Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nilianza na kompyuta, nikarudi Junju, nikaenda Marereni, yeye akinisikiliza kichwa kimeinama. Nilipofika kwenye ndoano aliinua kichwa.

Akauliza, "Alikuwa hai ulipoifungua?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia sikuangalia.

Hakulia, Ami, wala hakunipiga. Nilitamani anipige. Alichukua pete akaipangusa mchele kwa upande wa leso yake, akaishika kwa mikono miwili, akasema si kwangu mimi, "Alijifunga. Alijifunga, jamani, baba wa watu." Akalirudia hilo mara nyingi. Mimi nilibaki magotini mpaka lile goti bovu likafa ganzi.

Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeupanga njia nzima, una maneno mazuri, una machozi pahala pake. Alinikatiza. "Msamaha si wangu. Wa mwenyewe, na mwenyewe umemzika." Kisha akasema tena, na maneno haya nayaandika kama yalivyotoka: "Lakini neno walilosema juu ya mume wangu liliingia nyumba zote za Barani bila kupiga hodi. Wewe utapiga hodi. Nyumba hadi nyumba, mmoja mmoja, na usikae chini, na usinywe maji ya mtu. Ukimaliza ndipo uje hapa, nikutazame uso."

Jana nilianza. Nyumba ya kwanza mama muuza viazi karai alinisikiliza, akafunga mlango pole pole, nikausikia mnyororo. Ya pili waliita na waliokuwa ndani waje, nikasema tena. Mzee mmoja hasikii vizuri, ikanibidi nipaze sauti, na majirani wakatoka, kwa hiyo nyumba ile ikawa nyumba sita. Binti mmoja alinitemea mate miguuni. Msusi wangu alilia, maana lile neno lilipita kiti chake na yeye aliliongeza chumvi. Watoto wameanza kunifuata nyuma wakiulizana huyu anatangaza nini. Leo asubuhi nilimkuta Chengo amesimama penye kona. Hakunisalimu. Alitembea nyuma yangu, mbali kidogo, nyumba hadi nyumba, na mtu akiniita muongo anasema, "Kweli. Nimeiona hiyo pete," basi, anarudi nyuma.

Sina la kukuomba. Ungekuwepo ungeniambia mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, halafu ungeniambia pole hata hivyo. Nimekukosa, Ami. Nimekukosa kila siku na sikuwa na haki ya kusema hivyo kwa sauti, kwa kuwa mimi ndiye.

Nakuaga sasa. Nakuahidi nitamaliza Barani yote, kisha nitakwenda Marereni kwa wale wanaume wa chumvini waliokubeba, nao niwaambie. Siku ya kesi nitasema haya haya, bila jua machoni. Wakiniweka ndani, nitakuwa ndani. Mstari ule wenye muhuri nitausimamia mpaka ufutwe na uandikwe mwingine, na nitampelekea Bi Mwanaisha nakala yake, awe ameniangalia usoni au hajaniangalia.

Mungu akulaze pema. Adhuhuri imepita, watu wameshakula, ni wakati mzuri wa kuwakuta. Najifunga leso, natoka. Upande uliobaki ni wa msikitini. Mlangoni sisemi mengi. Napiga hodi, wakiitikia karibu siingii, nasimama pale pale kizingitini nasema: Athman alikuwa amejifunga. Mimi ndiye niliyemfungua.

Kadzo